Siku ambazo mlango wa masomo umefungwa



Kila mwaka mwezi wa 8 ukifika katikati, mikutano yetu yote inageuka kuwa mikutano ya masomo. Hata kama ajenda ni mbegu ao mchango wa msiba, mtu mmoja akiuliza tu "rantre ni lini?", mengine yote yanalala. Tunazungumza minervali, unifomu na madaftari mpaka giza linaingia. Jambo moja huwa halifiki mezani, ingawa tunalisema kila siku njiani na sokoni: zile siku ambazo mlango wa masomo umefungwa na mzazi bado ana kazi yake ya kufanya. (Tunaandika "masomo" kama watu wa hapa wanavyosema. Waliokulia Tanzania wasome "shule", ni kitu kilekile.)

Tumeona tuliandike kwa njia ya historia, kwa sababu kalenda haikuanguka kutoka mbinguni. Kila siku ya vakansi iliyomo iliwekwa na mtu fulani, kwa sababu zake. Tukiifuata tangu wakati wa Wabelgiji mpaka leo, tunaona kwamba kila mara Leta, kanisa ao vita vilipobadilisha siku za masomo, pengo aliachiwa mzazi alizibe. Na mara nyingi mzazi naye alimpitishia binti yake mkubwa. Hilo la mwisho ndilo linatuuma, tutalirudia.

Mwezi wa 9

Mwaka wa masomo wa Kongo unaanza mwanzoni mwa mwezi wa 9 na unafungwa tarehe 2 mwezi wa 7. Mpango huo tuliurithi kwa Wabelgiji. Kule kwao mwezi wa 7 na wa 8 ni miezi ya joto na ya mavuno, ndipo wanafunga masomo. Tuseme ukweli: kwetu huku kando ya Tanganyika mpango huo haukutukosea wote. Miezi hiyo kwetu ni kiangazi. Shamba la mlimani limepumzika, na mtoto akiwa nyumbani anaweza kufuatana na mama yake kuanika mihogo ao kusomba matofali bila kumzuia sana. Ni wale wanaolima bondeni, msimu C, ndio wanakuwa na kazi nyingi wakati huo.

Ugumu uko mwezi wa 9. Mvua inarudi, msimu A unaanza. Mahindi, maharagwe na karanga havingoji mtu. Katika wiki zilezile ambazo mama anapaswa kuwa shambani kabla jua halijatoka, ndipo anatakiwa kusimama kwenye mstari wa kuandikisha watoto, kutafuta buletini ya mwaka uliopita, kushonesha unifomu. Pesa ya mbegu na pesa ya madaftari zinatoka kwenye fundo moja la kitenge. Tena wadogo wa darasa la kwanza wanaachiliwa mapema, na shamba liko mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Wakati wa ukoloni masomo yalikuwa mikononi mwa misioni. Masomo ya Leta yasiyo ya dini kwa watoto wa Kongo yalianza tu mwaka 1954, wakati Auguste Buisseret alikuwa waziri wa makoloni kule Brussels. Kwa hiyo vakansi zilifuata kanisa: Noeli, Pasaka, kisha ile kubwa. Na waliopanga walikuwa na nyumba ya aina moja akilini. Tunaiona vizuri Katanga, kwenye kambi za wafanyakazi za Union Minière. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ile ilianza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake zao, ikajenga nyumba, ikaweka masomo ya watoto, na wanawake wakafundishwa kushona na kupika. Baba yuko kazini, mama yuko nyumbani. Masomo yakifungwa, mtoto anamkuta mama mlangoni. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani atamtunza.

Huku kwetu Fizi na Uvira mama hakuwa mlangoni. Alikuwa shambani, na baba alivua usiku na kulala mchana. Lakini kulikuwa na bibi. Kulikuwa na mashangazi, na wake wenza, na jirani ambaye ni wa ukoo uleule. Siku ya vakansi watoto wa nyumba nne wanajaa kwenye uwanja mmoja, mzee mmoja amekaa chini ya mwembe na fimbo yake. Kazi hiyo haikuandikwa popote wala haikulipwa, kwa hiyo hakuna aliyejua ukubwa wake mpaka siku ilipokosa mtu wa kuifanya.

Miaka ya Zaire tuipite haraka. Mwaka 1974 Leta ilichukua masomo ya makanisa, na mwaka huohuo Noeli ikafutwa kuwa sikukuu ya nchi. Mwaka 1977 makanisa yalirudishiwa usimamizi kwa mkataba, ndiyo maana mpaka leo tunasema masomo ya "konvansione". Katikati ziliingia sikukuu za Chama na za Mobutu: tarehe 20 mwezi wa 5, tarehe 24 mwezi wa 11. Watoto hawakusoma, waliandamana na kuimba. Wazee wetu wanacheka wakikumbuka, lakini wanasema jambo moja la kweli: siku hizo baba naye hakwenda kazini. Alikuwa kwenye uwanja uleule, anapiga makofi.

Siku za kufukuzwa

Mambo yaligeuka mshahara wa mwalimu ulipokufa. Katika miaka ya 1980 Leta ilipunguza pesa za masomo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi ikiwa imeporwa na pesa yetu ikipoteza thamani kila wiki, waalimu waligoma muda mrefu sana. Ndipo wazazi na makanisa wakakubaliana kwamba wazazi wenyewe watatoa kitu ili mwalimu asimame darasani. Kitu hicho tuliita primi. Kilikusudiwa kuwa cha muda mfupi. Kilidumu karibu miaka thelathini.

Wafadhili wengi wanaijua primi kama gharama. Sisi tuliijua pia kama kalenda.

Ilikuwa hivi. Direkta anaingia darasani na karatasi, anasoma majina, na waliosomwa wanachukua mifuko yao na kutoka. Ni saa mbili na nusu ya asubuhi. Mama ameondoka tangu saa kumi na moja. Nyumba imefungwa, ufunguo uko naye shambani. Mtoto anakaa kwenye kizingiti mpaka jioni, ao anashuka ziwani. Hiyo ni siku ya vakansi ambayo haikuandikwa kwenye kalenda ya waziri yeyote, na ilimwangukia maskini peke yake. Jirani aliyelipa, mtoto wake alibaki ndani anasoma.

Na muone jinsi ilivyojizungusha. Mtoto anarudishwa ili mzazi atafute pesa. Lakini mama mwenye watoto watatu waliorudishwa hawezi kutafuta pesa kwa uhuru. Akienda sokoni anakwenda nao, mmoja mgongoni, wawili wameshika kitenge, beseni la ndakala kichwani, na atauza kidogo kuliko siku nyingine. Pesa inachelewa zaidi, na karatasi ya direkta inasomwa tena wiki inayofuata. Tulikuwa tunamlipa mwalimu kwa siku zetu za kazi, na tulipochelewa kulipa, tulinyang'anywa siku nyingine ya kazi. Mtu aliyepitia hapo hahitaji kufundishwa uchumi.

Mwalimu hakuwa adui yetu. Wengi wao walikuwa wazazi kama sisi, na ilitokea mara nyingi kwamba mtoto wa mwalimu wa msingi anafukuzwa sekondari kwa sababu ya primi ya mwalimu mwenzake.

Kambini

Vita vya 1996 na vya 1998 vilituvusha ziwa. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, Lugufu mwaka 1997. Huko watoto wetu waliendelea na programu ya Kongo, kwa Kifaransa, ili siku ya kurudi wasipotee. Kwa hiyo tulikuwa na mwezi wa 9 wetu katikati ya nchi ambayo mwaka wake wa shule unaanza mwezi wa 1 na likizo zake kubwa ni mwezi wa 6 na wa 12. Waalimu walikuwa wakimbizi wenzetu, walipewa posho ndogo na mashirika. Primi haikuwepo, na karatasi ya direkta haikuwepo.

Leo tunasikia wenzetu wakisema, "Kule kambini masomo hayakutusumbua, hata siku za likizo." Ni kweli, na tunapenda kuieleza vizuri maana wafadhili wengine wanaitumia kutulinganisha. Likizo haikutusumbua kwa sababu kazi ilikuwa imekatazwa. Kutoka nje ya kambi kulihitaji kibali, na aliyekwenda kulima vibarua vijijini alikwenda kwa kujificha. Wakubwa wengi walikuwa hapohapo mchana kutwa, vibanda vimepangana, kila mtu anamwona mtoto wa mwenzake. Mtoto asipokwenda darasani siku ya kugawa chakula, alikuwa na mzazi wake kwenye mstari, anasaidia kubeba. Tulikuwa na muda wote wa kulea na hatukuwa na chochote cha kufanya nao. Hatuwezi kuuita huo mpango mzuri.

Wale walioishi nje ya kambi, Kigoma mjini ao Ujiji, walisomesha watoto kwenye shule za Tanzania. Hao walipata taabu ya namna nyingine waliporudi. Mtoto amemaliza darasa la nne mwezi wa 12, amevuka ziwa mwezi wa 1, na huku mwaka uko katikati. Wengine walikalishwa nyumbani mpaka mwezi wa 9. Wengine walirudishwa madarasa mawili kwa sababu ya Kifaransa. Miezi minane mtoto wa miaka kumi na mmoja anakaa bila darasa, mzazi ndiyo kwanza anajenga nyumba na kufyeka shamba lililoota msitu. Kama ni msichana, mnajua alikuwa wapi: nyumbani, na mtoto mdogo mgongoni.

Tulirudi na watoto, bibi hakurudi

Kuanzia 2005 meli zilianza kuturudisha kutoka Kigoma mpaka Baraka. Mwaka 2009 Lugufu ikafungwa, waliobaki wakapelekwa Nyarugusu. Karatasi za kurudi zilihesabu watu, masanduku na mabati. Hazikuhesabu ukoo. Bibi mmoja amezikwa kule, mwingine alikataa kupanda meli kwa hofu. Shangazi yuko Lubumbashi, kaka alichukuliwa na mpango wa kupeleka wakimbizi Marekani. Kiwanja cha zamani kina mwenye wake mpya, umepata kingine upande wa pili wa mji kati ya watu usiowajua. Ule uwanja wenye mwembe na mzee na fimbo haukuturudia. Kalenda, yenyewe, ilikuwa ileile.

Hapo ndipo wenyeji ambao hawakukimbia na sisi tuliorudi tunatofautiana, ingawa tunauza kwenye soko moja. Masomo yakifungwa siku tatu, mwenyeji anasema, "Batoto benda kwa koko yao." Sisi tunatazamana.

Ndugu zetu walioko Marekani wanatupigia simu na kutuambia kwamba kule pia ziko siku ambazo mwalimu anakwenda kazini na mtoto anabaki nyumbani. Mwalimu anasahihisha, anapanga, anafundishwa. Wanalalamika kama sisi, maana wengi wao wanafanya kazi za zamu viwandani, na bosi hajali kama shule imefungwa. Lakini wanasema karatasi ya siku hizo wanapewa mapema, kabla mwaka haujaanza, wanaibandika kwenye friji. Tumelifikiria sana hilo la friji. Shida yetu si tu kwamba siku zimefungwa. Ni kwamba hatuambiwi.

Baada ya primi

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema masomo ya msingi ya Leta ni ya lazima na ya bure. Tulingoja miaka kumi na mitatu. Mwezi wa 9 wa 2019 ndipo ilianza kweli, na primi ya msingi ikaondolewa. Tulifurahi, na bado tunafurahi. Anayesema gratuite haikuleta kitu hakuwahi kukaa kwenye kizingiti akingoja ufunguo.

Lakini siku zilizofungwa hazikuisha, zilibadilisha sababu. Watoto walijaa mpaka madarasa yakashindwa, masomo mengi yakaweka zamu mbili, wengine asubuhi, wengine mchana. Mzazi mwenye mmoja wa asubuhi na mmoja wa mchana hana tena saa hata moja ambayo wote wako darasani. Waalimu wengi wa zile wanazoita "nuvele inite" walikuwa wanafundisha bila kuwa kwenye orodha ya mshahara, na primi iliyokuwa inawashika imeondoka. Wengine walianza kufundisha siku tatu na kulima siku mbili. Tutawalaumu vipi?

Kisha ikaja Covid. Tarehe 19 mwezi wa 3 mwaka 2020 masomo ya nchi nzima yalifungwa. Madarasa ya mwisho yaliitwa mwezi wa 8 ili wafanye mitihani, wengine walingoja mpaka tarehe 12 mwezi wa 10. Tarehe 18 mwezi wa 12 yakafungwa tena, mpaka tarehe 22 mwezi wa 2 mwaka 2021. Mhesabu wenyewe: katika miezi kumi na moja, mtoto wa darasa la tatu aliingia darasani wiki zisizofika kumi. Mwaka uliofuata ulianza tarehe 4 mwezi wa 10 mwaka 2021, na waalimu wakagoma mwezi huohuo. Hatujataja siku za risasi, ambazo hazina kalenda, wala siku ambazo ziwa limepanda mpaka ndani ya madarasa.

Kwa wenye simu na redio serikali ilisema masomo yaendelee nyumbani. Kwetu yaliendelea shambani. Wavulana wengine walikwenda machimboni Misisi, na kuna ambao hawakurudi kukaa kwenye benchi tena.

Siku za mwalimu

Sasa tuje kwenye siku za kawaida, zisizo za vita wala za ugonjwa. Hizo ndizo nyingi, na ndizo tunaweza kuzifanyia kitu.

Kuna siku ya mshahara. Tangu Leta ilipoanza, mwaka 2011, kupitisha mshahara wa wafanyakazi wake benki, mwalimu wa mjini anachukua pesa yake mchana na kesho yuko darasani. Mwalimu wa kijiji hana benki. Kwa sehemu nyingi za vijijini malipo yalipitia Caritas, kwenye vituo. Anayefundisha juu kwenye milima anashuka kwa miguu, anafika, anaambiwa pesa haijafika, analala, anangoja, anapanda tena. Siku tatu zimekwenda, wakati mwingine wiki. Darasa halina mtu. Kuna siku za mafunzo, waalimu wanapoitwa pamoja. Kuna siku za kusahihisha mitihani na kukaa deliberasio kabla ya proklamasio, ambapo mtoto amekwishamaliza kuandika lakini mwaka haujafungwa, hayuko kwenye masomo wala kwenye vakansi. Zote ni kazi halali ya mwalimu. Hatuombi ziondolewe.

Kisha kuna sikukuu. Mwezi wa 1 peke yake una tarehe 1, tarehe 4 ya mashujaa wa uhuru, tarehe 16 ya Mzee Laurent-Désiré Kabila, tarehe 17 ya Lumumba, na masomo yenyewe yamerudi tu kutoka Noeli. Tarehe 30 mwezi wa 4 ni siku ya waalimu, kesho yake ni siku ya wafanyakazi. Tarehe 17 mwezi wa 5, tarehe 30 mwezi wa 6. Mwenye mshahara wa Leta anapumzika pamoja na mtoto wake. Mama wa soko hapumziki, motari hapumziki, anayelima vibarua akikosa siku anakosa chakula cha siku. Siku ya wafanyakazi, wafanyakazi wengi wa chama chetu wako kazini, watoto wao wako barabarani. Hata tarehe 1 mwezi wa 8, sikukuu ya wazazi, tunapokwenda asubuhi kusafisha makaburi: wengi wetu makaburi yetu yako ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo tunakwenda sokoni.

Na sasa kuna jambo jipya la ziwa. Nchi nne za Tanganyika, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana uvuvi ufungwe miezi mitatu kila mwaka, kuanzia katikati ya mwezi wa 5 mpaka katikati ya mwezi wa 8, ili samaki wazae. Tanzania ilifunga mwaka 2024. Hatupingi, kila mvuvi anajua ndakala wamepungua. Ila mweke mpango huo juu ya kalenda ya masomo. Ziwa linafungwa wiki chache kabla ya mitihani, pesa ya samaki inakatika wakati wa ada za mwisho za sekondari, na ziwa linafunguliwa wiki mbili tu kabla ya rantre. Wamama waliokuwa wanauza ndakala wanageukia mihogo na mkaa, mbali zaidi na nyumbani, katika miezi ileile ambayo watoto wako nyumbani. Waliopanga ziwa na waliopanga masomo ni ofisi mbili, na sidhani kama waliwahi kukaa kwenye meza moja.

Binti mkubwa

Tulisema tutarudi hapa. Mlango wa darasa la kwanza ukifungwa na mama hawezi kuacha kazi, mtoto anaachiwa dada yake. Dada huyo yuko darasa la tano ao la sita, labda masomo yake hayakufungwa siku hiyo, maana ni ya usimamizi mwingine ao zamu nyingine. Anabaki. Kwenye daftari la mwalimu anaandikwa "hayupo". Haandikwi kwamba yuko kazini.

Siku mbili mwezi huu, nne mwezi ujao, wiki nzima wakati wa kupanda. Mwisho wa mwaka buletini inasema ameanguka, na baba anasema, "Huyu hapendi masomo." Kaka yake ambaye ana umri uleule amepita. Sisi tunaokaa kwenye kamati tumesoma buletini nyingi za watoto wanaoomba msaada wa minervali, na tunajua wasichana wengi wa namna hiyo. Msaada wa ada haumsaidii yule ambaye ada imelipwa lakini siku zake zimechukuliwa. Wala hatutaki kumhukumu mama. Kati ya kumwacha mtoto wa miaka mitano peke yake karibu na ziwa na moto, na kumzuia wa miaka kumi na miwili asiende darasani, kila mmoja wetu angechagua hivyohivyo.

Tunachoomba

Mwaka uliopita wamama wa upande wa soko walianza kupokezana. Siku masomo yamefungwa, wawili wanabaki na watoto wa wote chini ya turubai, wengine wanauza, jioni kila mmoja anawatolea wale wawili kidogo cha alichopata. Ni likilimba ya siku badala ya pesa. Ilifanya kazi vizuri kwa siku zilizojulikana mapema, kama tarehe 30 mwezi wa 4. Ilishindwa kabisa siku za mshahara wa waalimu, kwa sababu habari ilifika saa mbili asubuhi, na mzigo umekwishanunuliwa kwa mkopo.

Kwa hiyo maombi yetu yana sehemu mbili. Kwa wafadhili tunaomba kibanda chenye bati na sakafu, karibu na soko, chenye maji na choo, pamoja na posho ya wamama wawili kwa siku zilizofungwa tu. Mlitutumia madaftari mwaka jana, tunawashukuru, yanatumika. Lakini daftari halimfai msichana ambaye hayupo darasani.

Kwa masomo tunaomba habari. Kila shule ina kamati ya wazazi, COPA. Miaka yote ya primi wawakilishi wetu walikaa na ma-direkta kuzungumza pesa: kiasi gani, lini, nani asamehewe. Sheria ya masomo ya 2014 inawataja wazazi kuwa washirika katika masomo. Tangu primi ilipoondoka, COPA nyingi zimelala kwa sababu hakuna tena pesa ya kujadili. Sasa zijadili siku. Direkta akijua Ijumaa kwamba waalimu watashuka kuchukua mshahara Jumanne, aandike kwenye ubao Ijumaa. Kama siku ya mafunzo inaweza kuwekwa siku isiyo ya soko kubwa, iwekwe hapo. Ma-direkta wawili tuliozungumza nao walisema halijawagharimu kitu, ila hakuna aliyewahi kuwaomba.

Wawakilishi wetu wa COPA watakutana Jumamosi ya kwanza baada ya rantre, saa nane, kwenye kivuli cha ofisi. Kila mmoja aje na kalenda ya shule yake na siku za soko za mtaa wake. Tutazichora pamoja kwenye karatasi moja kubwa na kuibandika kwenye mlango wa ofisi, penye urefu ambao hata asiyevaa miwani ataisoma. Orodha ya kupokezana iko kwa mweka hazina. Wababa pia wanaweza kuandika majina yao. Mpaka sasa wako watatu, wawili ni wavuvi.